Utafiti wa Susan Lewallen kuhusu Retina na Malaria ya Ubongo: Ufafanuzi na Mafunzo kwa Huduma za Afya za Tanzania ya Kati

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kazi ya utafiti ya Susan Lewallen, daktari bingwa wa macho aliyechunguza retina za watoto wenye malaria ya ubongo mjini Blantyre, Malawi, na ambaye baadaye aliendeleza utafiti wa huduma za macho akiwa Moshi, Tanzania. Hoja kuu ya makala ni kwamba mchango wake haukuwa wa kuongeza dalili moja zaidi katika orodha ya dalili za malaria, bali ulikuwa wa kutoa ushahidi unaoonekana mahali ambapo kipimo cha damu peke yake huacha shaka. Makala yanaeleza tatizo la utambuzi wa malaria ya ubongo, uhusiano wa retina na ubongo, hatua za utafiti kuanzia mwaka 1993, na mipaka ya matokeo yake. Mkiwa, mkoani Singida, imetumiwa kama mfano wa mazingira ya kuyapimia matokeo hayo, yaani eneo lenye maambukizi machache ya malaria na lililo mbali na bingwa wa macho.

Maneno ya msingi: retina, malaria ya ubongo, degedege, utambuzi wa ugonjwa, Mkiwa

1.0 Utangulizi

Mkiwa ni njia panda. Hapo ndipo barabara ya kwenda Itigi na Rungwa inapoachana na barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Singida. Mkoa wa Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania Bara yenye kiwango cha chini cha maambukizi ya malaria, ukilinganishwa na mikoa ya kanda ya Ziwa kama Geita na Kagera, au Kigoma kwa upande wa magharibi. Hata hivyo, watu husafiri, na malaria husafiri pamoja nao. Mtoto aliyekwenda kuwasalimu ndugu zake katika mkoa wenye mbu wengi anaweza kurudi nyumbani akiwa na vimelea katika damu, na homa ikaanza siku chache baada ya kufika.

Ichukuliwe, kwa ajili ya ufafanuzi tu, kwamba mtoto wa miaka mitatu analetwa usiku katika zahanati ya eneo kama hilo. Ana homa kali, amepatwa na degedege, na sasa hafungui macho anapoitwa. Kipimo cha haraka kinaonesha kuwa ana vimelea vya malaria. Mhudumu wa afya anaandika malaria kali, anaanza matibabu na kuandaa rufaa. Uamuzi huo ni sahihi, kwa kuwa kuchelewa kunaua. Lakini lipo swali ambalo kipimo kile hakikulijibu: je, vimelea vilivyoonekana katika damu ndivyo vilivyomfanya mtoto huyo apoteze fahamu, au anaugua homa ya uti wa mgongo, maambukizi ya bakteria katika damu, sumu au ugonjwa mwingine, na vimelea vimekutwa tu mwilini mwake?

Swali hilo ndilo lililoipa kazi ya Lewallen uzito wake. Jibu la tabibu huamua kama uchunguzi utaendelea au utaishia hapo, kama maji ya uti wa mgongo yatapimwa, na kama mtoto atapewa antibiotiki kwa wakati. Makala haya yanafuata namna jibu lilivyotafutwa katika mahali ambapo madaktari wa malaria hawakuwa wamezoea kupatazama, yaani sehemu ya ndani ya jicho.

2.0 Tatizo la utambuzi wa malaria ya ubongo

Kwa fasili ya kitabibu iliyotumika kwa miongo kadhaa, mtoto huhesabiwa kuwa na malaria ya ubongo akitimiza masharti matatu. Kwanza, awe amepoteza fahamu kwa kiwango kikubwa. Pili, awe na vimelea vya Plasmodium falciparum katika damu. Tatu, pasiwe na sababu nyingine iliyobainika ya kupoteza fahamu. Sharti la kwanza hupimwa kwa kipimo cha Blantyre, kilichochapishwa mwaka 1989 na Malcolm Molyneux, Terrie Taylor na wenzao kwa ajili ya watoto wadogo ambao hawawezi kujibu maswali. Kipimo hicho hutazama macho, sauti na mwitikio wa mwili kwa maumivu, na alama zake huanzia 0 hadi 5. Mtoto mwenye alama 2 au pungufu huhesabiwa kuwa amepoteza fahamu.

Udhaifu wa fasili hii upo katika sharti la pili na la tatu. Katika maeneo yenye maambukizi makubwa, watoto wengi hukaa na vimelea katika damu bila kuugua, kwa sababu miili yao imejijengea kinga kiasi. Mtoto wa namna hiyo akipata ugonjwa mwingine unaompotezea fahamu, kipimo cha malaria kitakuwa chanya, na ugonjwa halisi utajificha nyuma ya vimelea hivyo. Sharti la tatu nalo hutegemea uwezo wa hospitali. Pasipo na maabara ya kuotesha bakteria wala mashine ya picha za ubongo, sababu nyingine hazibainiki kwa kuwa hazikutafutwa. Kwa hiyo, kadiri hospitali inavyokuwa na vifaa vichache, ndivyo malaria ya ubongo inavyoonekana kuwa nyingi.

Kwamba tatizo hili si la nadharia tu lilioneshwa nchini Tanzania na Hugh Reyburn na wenzake katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004. Watafiti hao walifuatilia wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi. Walipozichunguza upya damu za wagonjwa hao kwa hadubini, ni asilimia 46.1 tu waliokuwa na vimelea. Jambo zito zaidi lilikuwa katika vifo. Miongoni mwa waliokuwa na vimelea walikufa asilimia 6.9, na miongoni mwa wasiokuwa na vimelea walikufa asilimia 12.1. Jina la malaria lilikuwa limewafunika wagonjwa ambao hatari yao ilikuwa kubwa zaidi.

Matokeo hayo yanaonesha kosa la aina ya kwanza, ambapo mgonjwa asiye na vimelea huitwa mgonjwa wa malaria. Kosa hilo huweza kupunguzwa kwa kipimo sahihi cha damu. Kosa la aina ya pili ni gumu zaidi: mgonjwa ana vimelea kweli, lakini havikumpotezea fahamu. Hapo kipimo cha damu, hata kiwe sahihi kiasi gani, hakitoshi. Panahitajika ushahidi kutoka mahali ambapo madhara ya vimelea hutokea, yaani katika mishipa midogo ya ubongo.

3.0 Uhusiano wa retina na ubongo

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za neva. Katika ukuaji wa mimba, retina huchipuka kutokana na ubongo wenyewe, na huendelea kuunganishwa nao kwa neva ya jicho. Mishipa yake midogo ya damu inafanana kwa muundo na ile ya ubongo, ikiwemo kuta zake zinazochuja kwa ukali vitu vinavyotoka katika damu kuingia katika tishu. Tofauti kubwa ni kwamba ubongo umefunikwa na fuvu, ilhali retina huonekana kupitia mboni. Tangu Hermann von Helmholtz alipobuni ofthalmoskopu mwaka 1851, tabibu ameweza kuona mishipa ya damu ya mtu aliye hai bila kumpasua.

Umuhimu wa jambo hilo kwa malaria unatokana na tabia ya Plasmodium falciparum. Kimelea hiki kikikomaa ndani ya chembe nyekundu ya damu, hutoa protini zinazojitokeza juu ya chembe hiyo na kuifanya ing'ang'anie kuta za mishipa midogo. Kwa njia hiyo, chembe zilizoathirika hukwepa kupita katika bandama, ambako zingeondolewa. Matokeo yake ni kwamba damu inayochukuliwa kidoleni huonesha sehemu tu ya vimelea, huku vilivyokomaa vikiwa vimejazana katika kapilari za viungo vya ndani. Vikijazana katika ubongo, damu hupita kwa shida na tishu hukosa oksijeni.

Kwa hiyo, ikiwa mishipa ya retina ni ndugu wa mishipa ya ubongo, ni jambo la mantiki kutarajia kwamba mrundikano huo utaacha alama katika retina pia. Dhana hii ilikuwa rahisi kuitamka. Kilichokosekana ni mtu mwenye ujuzi wa kutazama retina ya mtoto mgonjwa mahututi kwa utaratibu, mtoto baada ya mtoto, na kuandika alichokiona.

4.0 Utafiti wa Blantyre

Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre palikuwepo wodi ya utafiti wa malaria ya watoto iliyoongozwa na Taylor na Molyneux. Lewallen aliingia katika kazi hiyo akiwa bingwa wa macho, pamoja na mtaalamu wa epidemiolojia Paul Courtright. Mwaka 1993 walichapisha, pamoja na Taylor, Molyneux na mwenzao mwingine, maelezo ya yale yaliyoonekana nyuma ya macho ya watoto wa Malawi wenye malaria ya ubongo.

Njia iliyotumika ilikuwa na umuhimu wa pekee. Ofthalmoskopu ndogo ya mkononi, ambayo madaktari wengi huijua tangu vyuoni, huonesha sehemu ndogo tu ya retina kwa wakati mmoja. Lewallen alitumia ofthalmoskopu ya kuvaliwa kichwani pamoja na lenzi inayoshikwa mbele ya jicho, baada ya mboni kutanuliwa kwa matone ya dawa. Njia hiyo huonesha eneo pana, hadi pembezoni mwa retina, na huwezekana hata kwa mtoto asiye na fahamu ambaye hawezi kuelekezwa atazame wapi. Alama nyingi ambazo hapo awali zilikuwa zikipita bila kuonekana zilikuwa katika maeneo hayo ya pembezoni.

Kazi hiyo, pamoja na zile zilizofuata, ilibainisha alama nne. Ya kwanza ni weupe wa retina, unaotokea karibu na kitovu cha uoni na pia pembezoni, ambao huashiria kwamba tishu zimekosa oksijeni. Ya pili ni mabadiliko ya rangi ya mishipa: badala ya kuwa myekundu, sehemu za mishipa huonekana za rangi ya chungwa au nyeupe. Ya tatu ni madoa ya damu iliyovuja katika retina, ambayo mara nyingi huwa na weupe katikati. Ya nne ni uvimbe wa kichwa cha neva ya jicho. Alama hizi hazina uzito sawa. Madoa ya damu na uvimbe wa neva huweza kuonekana katika magonjwa mengine. Weupe wa namna hiyo na mishipa iliyobadilika rangi, kwa upande mwingine, ni alama za malaria hasa. Uvimbe wa neva ulihusishwa na hali mbaya zaidi ya mgonjwa, kwa hiyo ulisaidia kukadiria hatari kuliko kutambua chanzo.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kuweka lugha moja. Watafiti wa Kilifi, Kenya, wakiwemo Simon Harding na wenzake, walikuwa wamechapisha mwaka 1997 picha za retina za watoto wa Kenya wenye malaria kali. Kuonekana kwa mabadiliko hayo nchini Kenya na Malawi kulipunguza shaka kwamba yalikuwa jambo la eneo moja. Mwaka 1999 Lewallen, Harding na wenzao walipendekeza mfumo wa kuainisha na kupima ukubwa wa kila alama. Kabla ya mfumo huo, daktari mmoja angeweza kuandika retina ina weupe na mwingine akaandika retina imevimba, wote wakiwa wameona kitu kimoja. Uainishaji uliwezesha matokeo ya hospitali moja kulinganishwa na ya nyingine, na kwa sababu hiyo unastahili kuhesabiwa kuwa utafiti kamili wala si kazi ya ukarani.

Lilibaki swali la chanzo. Mwaka 2000 Lewallen, Valerie White na wenzao walilinganisha yaliyoonekana katika retina za watoto wakiwa hai na yaliyoonekana kwa hadubini baada ya watoto hao kufariki. Mishipa iliyokuwa imebadilika rangi ilikutwa imejaa chembe zenye vimelea vilivyokomaa. Maelezo yake ni ya kibiolojia: kimelea hula hemoglobini, ambayo ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Chembe zilizoliwa hemoglobini zikijazana katika mshipa, mshipa hupoteza wekundu. Kwa maneno mengine, tabibu anayeona mshipa wa rangi ya chungwa anaona mrundikano wenyewe wa vimelea, akiutazama moja kwa moja kwa macho yake.

5.0 Ushahidi wa mwaka 2004 na athari zake

Jaribio kubwa la hoja hii lilikuja katika utafiti ulioongozwa na Taylor, Lewallen akiwa mmoja wa waandishi, uliochapishwa mwaka 2004. Watoto 31 waliotimiza masharti yote ya fasili ya malaria ya ubongo na kisha wakafariki walifanyiwa uchunguzi wa maiti. Kati yao, 7, sawa na asilimia 23, hawakuwa wamekufa kwa malaria ya ubongo. Mishipa ya ubongo wao haikuwa na mrundikano wa vimelea, na sababu nyingine za kifo zilibainika. Miongoni mwa dalili zote zilizorekodiwa watoto wakiwa hai, ni mabadiliko ya retina peke yake yaliyoweza kulitofautisha kundi hilo na wale waliokufa kwa malaria ya ubongo.

Idadi hiyo inapaswa kusomwa kwa makini. Watoto hao 7 walilazwa katika wodi ya utafiti yenye madaktari wenye uzoefu mkubwa wa malaria. Kama utambuzi ulikosewa hapo kwa karibu mtoto mmoja kati ya wanne, haiwezi kutarajiwa kwamba hospitali zenye vifaa vichache zingefanya vizuri zaidi kwa kutumia fasili ileile. Inapaswa pia kukumbukwa kwamba maarifa haya yalipatikana kwa ridhaa ya wazazi waliofiwa, walioombwa ruhusa ya uchunguzi katika saa ngumu kuliko zote. Bila ridhaa hiyo, retina ingebaki kuwa dalili inayoshukiwa, isiyothibitishwa.

Athari za matokeo hayo zilijitokeza kwanza katika utafiti wenyewe. Uchunguzi wa dawa au wa madhara ya ugonjwa uliowachanganya watoto wenye malaria ya ubongo na wasio nayo ulikuwa na hatari ya kutoa majibu yaliyofifia. Baada ya mwaka 2004, watafiti waliweza kuwachagua watoto kwa kutumia retina. Gretchen Birbeck na wenzake walifanya hivyo katika utafiti wa Blantyre uliochapishwa mwaka 2010. Kati ya watoto 132 walionusurika malaria ya ubongo iliyothibitishwa kwa retina, 12 walipata kifafa baadaye, ilhali katika watoto 264 wa kulinganishwa hakuna aliyepata. Vilevile, utafiti wa picha za ubongo uliochapishwa mwaka 2015 ulihusu watoto 168 waliothibitishwa kwa retina. Watoto 25 kati yao walifariki, na 21 kati ya hao 25 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo. Kwa miaka mingi palikuwa na mabishano kuhusu namna malaria ya ubongo inavyoua. Kundi lililochaguliwa kwa usahihi ndilo lililowezesha jibu kuonekana.

Kuhusu uoni wenyewe, Nicholas Beare na wenzake walionesha mwaka 2004 kwamba watoto wanaopona hawabaki na uoni hafifu kwa sababu ya mabadiliko haya ya retina. Alama hufifia ugonjwa unapopona. Mtoto anayebaki haoni baada ya malaria ya ubongo kwa kawaida ameumizwa sehemu ya ubongo inayotafsiri kile ambacho jicho limekiona. Tofauti hiyo ni muhimu kwa wazazi, ambao huweza kuzunguka wakitafuta matibabu ya jicho lisilo na ugonjwa.

6.0 Moshi: kutoka retina hadi familia

Baada ya Malawi na kipindi cha kazi Vancouver, Kanada, Lewallen na Courtright walianzisha mjini Moshi, mwaka 2001, kituo cha tiba ya macho ya jamii cha Kilimanjaro, kinachojulikana kwa kifupi kama KCCO. Kazi yake ilihamia katika swali jingine: kwa nini watu wanaoweza kutibiwa upofu hawafiki hospitalini?

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2001, ambayo Lewallen alishiriki kuyaandika, yalionesha kuwa karibu theluthi mbili ya watu wasioona duniani walikuwa wanawake. Mwaka uliofuata, Lewallen na Courtright walieleza sehemu moja ya chanzo. Katika nchi zinazoendelea, wanawake wenye mtoto wa jicho walipata upasuaji kwa kiwango kidogo kuliko wanaume, na kama wangeupata kwa kiwango sawa, upofu utokanao na mtoto wa jicho ungepungua kwa takriban asilimia 12.5. Upungufu huo ungepatikana bila kuvumbua dawa wala kifaa kipya.

Utafiti wa mwaka 2005 katika mkoa wa Kilimanjaro, ulioongozwa na Robert Geneau, Lewallen akiwa miongoni mwa waandishi, uliingia ndani ya kaya. Ulibaini kwamba uamuzi wa mzee kufanyiwa upasuaji si wake peke yake, bali ni wa mashauriano ya familia. Wazee, hasa wanawake, walisita kuwaomba watoto wao fedha na msaada wa kusindikizwa kwa kuona kwamba wangekuwa mzigo. Kwa upande wa watoto, Mwende na wenzake walionesha katika mwaka huohuo kwamba watoto wenye mtoto wa jicho waliofikishwa KCMC walikuwa wamecheleweshwa kwa wastani wa karibu miaka mitatu tangu tatizo kugunduliwa nyumbani, muda ambao uoni wa mtoto huweza kupotea moja kwa moja.

Kazi hizi za Moshi zinaweza kuonekana kuwa mbali na retina za Blantyre. Uhusiano wake, hata hivyo, ni wa karibu. Dalili iliyo nyuma ya jicho haina manufaa kama mgonjwa hafiki mbele ya mtu anayeweza kuiona. Katika malaria kali, kufika huko hutegemea jina ambalo familia inaupa ugonjwa. Makemba na wenzake walieleza mwaka 1996, kutokana na utafiti wao wilayani Bagamoyo, kwamba degedege lilieleweka na wengi kuwa ugonjwa wa pekee, tofauti na malaria, na kwamba tiba ya mganga wa kienyeji ilitafutwa kwanza. Neno degedege linataja kile kinachoonekana: kutetemeka, kukakamaa, macho kugeuka. Malaria ya ubongo ni jina la kile kisichoonekana kwa mzazi. Mpaka majina hayo mawili yaunganishwe katika elimu ya afya, saa za thamani zitaendelea kupotea kabla ya safari ya hospitali kuanza.

7.0 Mjadala: mipaka ya matokeo na mfano wa Mkiwa

Matokeo ya utafiti wa retina yana mipaka mitatu inayopasa kutajwa. Mpaka wa kwanza ni wa tafsiri. Haifai kuhitimisha kwamba mtoto mwenye vimelea na retina isiyo na alama hana malaria inayomdhuru. Dylan Small, Taylor na wenzao walichapisha mwaka 2017 uchambuzi uliotumia watoto wenye kurithi nusu ya sifa ya selimundu, ambao hukingwa dhidi ya malaria kali. Kinga hiyo ilionekana pia kwa malaria ya ubongo isiyo na alama za retina. Kama vimelea vingekuwa vimekutwa tu mwilini bila kuchangia ugonjwa, kinga hiyo isingetarajiwa kuonekana. Kwa hiyo, retina isiyo na alama ni sababu ya kutafuta zaidi, wala si ruhusa ya kusitisha dawa ya malaria.

Mpaka wa pili ni wa kiwango cha maambukizi. Hoja ya vimelea vilivyokutwa tu ina nguvu zaidi katika maeneo kama Blantyre, ambako watoto wengi wazima hubeba vimelea. Katika eneo kama Mkiwa, wabebaji wasiougua ni wachache, hivyo kipimo chanya cha damu kina uzito mkubwa zaidi. Hatari ya Mkiwa ni ya namna nyingine. Malaria kali inapokuwa nadra, wahudumu huiona mara chache na huweza kuisahau kwa mtoto aliyetoka safarini. Wakati huohuo, mazoea ya kuita kila homa kali malaria, yaliyooneshwa na Reyburn na wenzake, huweza kuendelea hata pale vimelea vinapopungua. Kwa sababu hiyo, swali la mtoto alitoka wapi katika majuma yaliyopita linapaswa kuulizwa mapema sawa na swali la homa ilianza lini.

Mpaka wa tatu ni wa uwezo. Zahanati haina ofthalmoskopu ya kichwani, na matone ya kutanua mboni huondoa kwa muda ishara ya mboni ambayo tabibu huitumia kufuatilia hali ya ubongo. Si busara kupendekeza kwamba retina ichunguzwe katika kila kijiji. Kazi ya zahanati ibaki ile inayookoa maisha mara moja: kupima sukari na vimelea, kuzuia degedege, kumpa mtoto aliye chini ya miaka 6 artesuneti ya njia ya haja kubwa kabla ya rufaa kama inavyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kumsafirisha. Retina ni kazi ya hospitali inayopokea rufaa. Kwa mtoto wa Mkiwa, hospitali za namna hiyo ni pamoja na Makiungu, Mtakatifu Gaspar iliyopo Itigi na ya mkoa mjini Singida. Hapo, wataalamu wanaopokea watoto wanaweza kufundishwa kutazama retina, na picha zinaweza kutumwa kwa bingwa aliye mbali. Kaskazini mwa nchi, mpango wa kisukari wa Kilimanjaro tayari hutumia picha za retina kuwachunguza wagonjwa karibu na makazi yao. Ujuzi na kifaa vinavyotafuta madhara ya kisukari kwa mtu mzima havipaswi kufungiwa kabatini mtoto aliyepoteza fahamu anapolazwa katika jengo la pili.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba utafiti wa Lewallen ulipita katika hatua zinazotegemeana: kuona, kuainisha, kulinganisha na tishu, kuthibitisha kwa uchunguzi wa maiti, na hatimaye kuuliza kwa nini wagonjwa hawafiki pale ambapo maarifa yapo. Mchango wake mkubwa ni kuonesha kwamba mtoto mwenye kipimo chanya cha malaria bado anastahili kuchunguzwa. Kwa Tanzania ya kati, funzo hilo halihitaji kusubiri vifaa. Mtoto wa Mkiwa anayefikishwa hospitalini bila fahamu atibiwe malaria bila kuchelewa, retina yake itazamwe pale inapowezekana, na iwapo haina alama, tabibu achukulie kwamba swali la ugonjwa wake halijajibiwa, aendelee kulitafutia jibu usiku uleule.